Pale Mkanda Unapokaa

Tarehe 6 Februari

Dada yangu,

Nakusalimu kutoka gereji. Nimekaa juu ya tairi la lori na karatasi nimeiweka juu ya kopo la grisi, kwa hiyo ukiona alama ya kidole pembeni usiseme mdogo wako mchafu, sema anafanya kazi. Sisi huku wazima wote. Wifi yako anakusalimu, anasema ile blauzi uliyomshonea bado ndiyo anayoitoa akitaka kuonekana mtu. Mimi ananilalamikia kwamba nakoroma hadi sufuria zinatikisika jikoni. Nimemwambia aweke pamba masikioni.

Na wewe je? Najua nyumba haijakuzoea bila shemeji. Kila nikishika simu nikupigie sijui nianzie wapi, ndiyo maana umeona kimya. Pole tena, dada. Bado naumia kwamba sikufika kumzika. Lile basi la shule, kama nilivyokueleza, nilikuwa nimelifungua injini yote, na watoto walikuwa hawana cha kuwapeleka darasani asubuhi yake.

Sasa habari yenyewe. Binti yetu anaolewa mwezi wa nane. Kijana tumemwona, ni fundi umeme, mpole, haongei sana ila sahani anaimaliza. Siku hiyo nitatembea na binti yangu mbele za watu, na sitaki kuvaa suti ya dukani iliyoshonewa mtu ambaye hajazaliwa. Nataka suti ya mkono wako. Kitambaa kiwe buluu iliyokolea, koti la vifungo viwili.

Nimejipima mwenyewe na vipimo vyote viko nyuma ya karatasi hii. Utaona kiuno ni kile kile cha suruali niliyooa nayo. Miaka yote hii namba haijasogea. Waambie wanaume wa huko waje wajifunze.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mwili wa ujana mpaka leo.


Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Alama ya kidole nimeiona, nikaiwekea kidole changu juu yake. Mimi mzima. Cherehani zote mbili zinafanya kazi, ile ya zamani inalia kama mlango lakini inashona. Mwanangu mkubwa huja kila Jumapili kunitengenezea hiki na kile, nami Jumamosi huwa nalegeza kitu kidogo, bawaba au kitasa, ili asikose cha kufanya.

Chumba alichokuwa akinyolea shemeji yako sasa amepanga muuza kava za simu. Kile kioo kikubwa amekiacha ukutani. Nikipita asubuhi bado nasikiliza mkasi. Unakumbuka alivyokuwa akiuchezesha hewani kwanza kabla hajagusa kichwa cha mteja? Nilimuuliza kwa nini, akasema anauamsha.

Habari ya binti yetu imenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Suti nitaishona, hilo wala lisikuumize kichwa. Kitambaa nimeshanunua, buluu kama ulivyotaka, kizito kidogo ili kianguke vizuri.

Ila vipimo vyako nimevitandaza mezani, nikavitazama, nikavigeuza, nikavitazama tena. Kifua ni cha mtu mzima aliyeshiba, na kiuno ni cha kijana anayecheza mpira. Nikishona kwa namba hizi nitapata furushi lililofungwa kamba katikati. Nadhani ninajua ulichofanya. Umepima pale mkanda unapokaa, chini ya tumbo. Usione haya, karibu kila mwanaume anayeingia dukani kwangu hufanya hivyo. Tumbo linakua, mkanda unateleza kwenda chini yake, namba ya suruali inabaki ile ile, na mwenye suruali anajisifu. Ulichopima ni nyonga. Tumbo lako halijapimwa na mtu tangu ulipooa.

Pima hivi. Simama wima, vua shati, futi ipite kitovuni. Toa pumzi taratibu, na usijibane kama mtu anayepigwa picha. Namba aisome wifi, usiisome wewe.

Na mkishasimama hapo fanyeni jambo moja zaidi. Wifi achukue kamba akupime urefu, toka kisigino mpaka utosini, aikate. Kisha aikunje katikati, aizungushe kitovuni kwako. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, niambie zimeachana kiasi gani. Hilo nilifundishwa hospitali, na siku nikiweza nitakueleza kwa nini nilifundishwa.

Na usinipigie simu kunijibu. Kwenye simu unacheka, halafu unasema kuna mteja. Barua huwezi kuiambia kuna mteja.

Dada yako, nikiwa bado na futi shingoni.


Tarehe 18 Machi

Dada,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizonga. Habari zako za bawaba nimewasomea watu wote nyumbani, na wifi yako anasema kuanzia sasa atachunguza kwa nini koki yetu huharibika kila kaka yake akija. Binti yuko sawa, kila jioni anabadilisha idadi ya wageni. Mchumba wake alikuja kutufungia taa ya uani. Nilimshikia ngazi. Aliniuliza kama niko sawa maana nilikuwa napumua kwa sauti. Nikamwambia ni mzee gani asiyepumua.

Kuhusu ile kamba. Tulianza vizuri, halafu tukacheka mpaka tukasahau kutazama. Na kitovuni sikupima kwa sababu suruali haivaliwi kitovuni, labda na wazee wa zamani kwenye picha.

Dada, mimi si mnene. Tazama mikono yangu, tazama miguu yangu, bado ile ile uliyokuwa ukiiita vijiti. Hiki ni kitambi tu cha mtu aliyeoa vizuri. Mteja akinikuta mlangoni nimekiegemeza kwenye nguzo anajua gereji hii ina mwenyewe. Mwenye gereji aliyekonda nani atamwachia gari lake? Kweli chini ya magari siku hizi wanaingia mafundi wangu, mimi nasikiliza injini, kazi inayotaka sikio kuliko mgongo. Jambo moja tu linanisumbua, miguu inachoka mapema siku hizi, na kiu haiishi. Nadhani ni viatu, na hili joto.

Kwa hiyo shona tu, dada yangu. Vile vipimo vinatosha, wewe ongeza kidogo pale unapoona panahitaji.

Mdogo wako, mwenye nguzo yake.


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Huku mvua zimeanza na duka limejaa sare za shule. Mwanangu amepata uhamisho, ataanza kazi karibu na nyumbani, kwa hiyo bawaba zangu zitapumzika, maana sasa atakuja bila sababu. Binti yetu nimemwekea kitambaa cha kichwani, usimwambie.

Barua yako imenichukua muda. Umeandika maneno ya shemeji yako neno kwa neno. Naye alikuwa akisema tazama mikono yangu. Kweli ilikuwa myembamba, saa yake ilikuwa ikipanda mpaka karibu na kiwiko akiinua mkasi. Kitambi chake kilikuwa kikigusa bega la mteja anaponyoa nyuma ya shingo, na wateja walikuwa wakisema wamepata mto bure. Mimi nilikuwa nikicheka nao.

Kila aliyeniuliza nimemwambia aliugua ghafla. Nawe nilikuambia hivyo. Leo nitakuandikia ilivyokuwa, mara moja tu, kwa hiyo soma taratibu.

Alirudi kutoka kazini kabla ya saa ya chakula. Alikaa kwenye ile stuli karibu na meza ya pasi, akasema amejaa gesi kwa sababu ya maharage ya jana. Alikuwa akijisugua kifua, kisha taya, kisha mkono wa kushoto. Akaomba maji ya vuguvugu. Nilipogeuka na kikombe alikuwa ameegemea rundo la mashati niliyokwisha kuyapiga pasi, na shati la juu halikuwa hata limekunjamana.

Daktari aliyenieleza, kule hospitali tulikomkimbiza, ni mwanamke, mdogo kuliko mwanangu. Alinikalisha, akanishika mkono, akasema hili halikuanza leo asubuhi. Akasema mafuta ambayo mtu anaweza kuyafinya kwa vidole si ndiyo mabaya zaidi. Mabaya ni yale ya ndani kabisa, yanayozunguka ini na utumbo na kulisukuma tumbo kuja mbele. Hayo hayakai kimya. Yanamwaga mafuta kwenye ini na kwenye damu, mwili unashindwa kuitumia sukari vizuri, presha inapanda, mishipa inakuwa myembamba mwaka baada ya mwaka. Mtu anaweza kuwa na mikono kama vijiti na bado akawa nayo. Wengine yanawaletea kisukari, wengine kiharusi, wengine moyo. Habari ya kamba ni yeye aliyenipa, nilipomuuliza mtu angejuaje mapema.

Aliniambia na neno jingine ambalo sikulihitaji siku ile lakini wewe unalihitaji. Mafuta hayo ya ndani ni mepesi kuondoka kuliko yale ya juu, mtu akitembea kila siku, akiacha soda, akipunguza vya kukaanga, akilala usingizi wa kweli. Si lazima urudi kuwa kijana. Hata kupungua kidogo kunasaidia.

Kukoroma, kiu, miguu kuchoka, kupumua kwa sauti ukiwa umeshika ngazi tu. Nimeisoma barua yako ninavyosoma kitambaa, kwa kupitisha mkono upande wa chini. Viatu havileti kiu. Nenda kapime presha, sukari na mafuta kwenye damu. Na ukisikia uzito kifuani usikae kungoja gesi ishuke, nenda hospitali hapo hapo.

Kitambaa nimekikunja. Sitakikata mpaka nipate namba ya kitovuni.

Dada yako, anayekupenda bila kupunguza.


Tarehe 5 Mei

Dada,

Salamu. Sisi wazima.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka. Pole kwa yaliyokupata, lakini usinifananishe na marehemu. Kila mtu na mwili wake. Mimi niliomba suti, sikuomba daktari. Kama kazi imekushinda niambie mapema, kwa maana mtaa wa pili kutoka gereji kuna fundi hodari anayepima pale anapoonyeshwa.

Kazi ni nyingi. Wifi yako anakusalimu.

Mdogo wako.


Tarehe 14 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na wifi mrudishie zake zikiwa mbili. Mimi niko vizuri. Nimepaka rangi upande wa mbele wa duka, kijani, na majirani wanasema nimekuwa kijana. Nimewajibu kwamba kijana ni ukuta.

Barua yako fupi haijanikasirisha. Ulipokuwa mdogo ukiumia hukuwa unalia, ulikuwa unakuwa mkali. Siku ulipochanika goti ulikwenda kukaa nyuma ya tangi la maji, na kila aliyekuja ulimfukuza. Mama alikuja ukamfukuza. Mimi nilikuja na kazi yangu ya kufuma, nikakaa pembeni nikafuma, mpaka ukachoka ukanionyesha lile goti. Nimekaa hivyo tena.

Kazi haijanishinda. Nimewashonea wanaume wa kila umbo, wakatoka mlangoni wakijipenda. Yule fundi wako wa mtaa wa pili akikupima unapomwonyesha, siku ya harusi vifungo vitamrukia kila mgeni wa mstari wa mbele. Nipe namba yoyote, hata iwe kubwa namna gani, nitaifanya ikae. Namba siziogopi, mdogo wangu. Ninachoogopa ni kufichwa.

Kwa hiyo nitakuuliza jambo ambalo nimelinyamazia. Siku ya kumzika shemeji yako nilitazama njia mpaka watu wakaanza kutawanyika. Ulisema ni basi la shule, watoto hawana cha kuwapeleka darasani. Wiki chache baadaye nilikuwa nikikata sare, nikakumbuka kwamba tulimzika wakati wa likizo. Shule zote zilikuwa zimefungwa, huku na huko kwenu. Hakuna mtoto aliyekuwa akingoja basi.

Sikukuuliza, kwa sababu nilidhani labda hukutaka kuja, na jibu hilo sikuwa na nguvu ya kulisikia. Sasa ninazo nguvu. Ulikuwa wapi?

Dada yako, nimekaa hapa pembeni.


Tarehe 11 Juni

Dada yangu,

Nakusalimu. Leo sikukaa gerejini, nimekaa mezani nyumbani na wifi yako amekaa mbele yangu kuhakikisha namaliza. Binti mzima, anakusalimu, hajui ninachoandika ila atajua jioni.

Nilikuwa hospitali.

Habari za shemeji ziliponifikia nilifunga begi. Wifi yako alikuwa ametangulia kwa dada yake kumwachia ufunguo, tukutane stendi. Sikufika stendi. Nilipofika karibu na duka la vipuri macho yaliingia giza, nikakaa kwenye ukingo wa barabara na begi langu kama abiria aliyeachwa. Mafundi wangu ndio walionibeba. Nesi alinipima presha, akapima tena, akaenda kumwita mwenzake naye akapima. Halafu wakapima na sukari. Walinilaza. Wakati mnamteremsha shemeji kaburini mimi nilikuwa natazama dripu.

Nilimkataza wifi yako asiseme. Aligombana na mimi kwa hilo, nikamwambia dada atazika mume huku anawaza mdogo wake, haiwezekani. Kisha siku zikapita, na uongo ule wa basi ukawa umeshakaa. Usidhani hata kidogo kwamba sikutaka kuja. Yule mtu ndiye aliyeninyoa siku ya harusi yangu, akakataa nijitazame kwenye kioo mpaka amalize.

Walinipa dawa. Nilikunywa zilizokuwepo, zikaisha, nikajisikia mzima, nikaacha. Sikurudi. Najua unavyokunja uso hapo.

Kamba tuliipima vizuri kabisa, hatukucheka. Ncha hazikukutana. Wifi yako aliweka kiganja chake kwenye pengo, kikaingia chote na vidole vyake. Akasema anakwenda kuanika nguo. Nguo zilikuwa zimeshaanikwa tangu asubuhi, nilikuwa naziona dirishani.

Baada ya swali lako nilirudi kliniki. Daktari alinisema, lakini kwa upole, akaniuliza kama gari lenye taa nyekundu kwenye dashibodi mimi huwa naziba ile taa kwa gundi. Dawa nakunywa sasa, kila siku, na wifi yako anasimama mpaka nimeze. Kwenda gereji tunakwenda kwa miguu. Yeye ananipita, halafu ananisubiri kwenye kona huku ameshika kiuno ili watu waone anasubiri. Soda nimeacha. Mafundi wangu wanakunywa zao nyuma ya lori nisione, na mimi najifanya sioni. Presha imeanza kushuka. Sukari inasuasua, lakini wanasema inasikia dawa.

Namba ya kitovuni iko nyuma ya karatasi hii. Ameiandika wifi yako, kwa wino, nisiweze kuifuta.

Nina swali moja, na usipotaka usilijibu. Shemeji aliogopa? Kwa sababu mimi naogopa, dada, na sijamwambia mtu.

Mdogo wako.


Tarehe 19 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, na wifi, na binti yetu ambaye sasa najua anajua. Mimi mzima kabisa, mzima kuliko nilivyokuwa wiki iliyopita. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nililia, halafu nikafungua duka.

Nimekujibu moyoni kabla sijakujibu kwa kalamu. Hapana, hakuogopa. Hakupata nafasi ya kuogopa. Alidhani ni maharage. Wewe umepata nafasi hiyo, na ninakuomba usiione aibu, kwa maana mtu anayeogopa anameza dawa zake.

Na lile la kutokuja tuliweke chini leo. Miezi yote hii nilikuwa na kaka ambaye hakuja. Sasa nina kaka aliyefunga begi.

Namba nimeiona. Nimezishonea namba kubwa kuliko hiyo. Kitambaa nimekikata jana. Kwenye mishono ya pembeni nimeacha nafasi ya kupunguza, ya kuongeza sikuacha hata kidogo, na hilo nimelifanya nikiwa na akili zangu timamu. Koti halitashonwa likaisha huku. Nataka kulimalizia mwilini mwako, kwa pini, na mdomo wangu ukiwa umejaa pini usitegemee nitacheka na maneno yako.

Kwa hiyo nakuja. Tangu tumzike shemeji yako sijalala nje ya nyumba hii, nilikuwa nahisi nikiondoka itabaki bila mtu kabisa. Mwanangu amesema atalala humu yeye. Cherehani ndogo nakuja nayo, naomba mniwekee meza karibu na dirisha. Nitakaa mpaka harusi ipite, na baada ya hapo mpaka wifi anichoke.

Umeandika huko nyuma kwamba wewe unasikiliza injini. Mimi nikifika utanisikiliza na mimi kidogo, lakini si sana, maana naona umeshaanza kazi mwenyewe na sina haja ya kukusukuma.

Ila kuna jambo moja nalitaka, na nimelipanga hata kabla ya kupanga nguo. Niambie siku yako ya kurudi kliniki, nifike kabla yake. Wifi apumzike siku hiyo, nitakusindikiza mimi. Mara ya mwisho nilipokaa kwenye benchi la hospitali mlango ulikuwa unafunguka na kufungwa, na kila ukifunguka nilikuwa nainua uso, ingawa nilikuwa nimeshaambiwa. Safari hii nataka kukaa kwenye benchi nikijua kwamba mlango ukifunguka ni wewe unatoka, kwa miguu yako, unanitafuta nilipokaa.

Dada yako.